Ratiba ya Shule Huharibika Kabla Haijaandikwa

Muhula unapofunguliwa na ratiba ya vipindi kubandikwa ukutani, lawama zote humwangukia mtu mmoja. Mwalimu wa fizikia ana vipindi vinne mfululizo Jumanne na hana hata kimoja Alhamisi. Mkondo mmoja una hisabati asubuhi na hisabati tena alasiri ya siku hiyohiyo. Madarasa mawili yamekutana mlangoni mwa maabara. Anayeitwa kujieleza ni mwalimu wa taaluma, au yeyote aliyekabidhiwa kazi ya kupanga. Naona lawama hizo zimepelekwa pasipo pake. Sehemu kubwa ya ubovu wa ratiba huingia kabla mpangaji hajashika kalamu: kwenye mgawanyo wa vipindi, kwenye ahadi ambazo uongozi umempa mwalimu mmoja mmoja, na kwenye mpangilio wa kengele ambao umeachwa vilevile miaka nenda miaka rudi. Hesabu isiyo na jibu haipati jibu kwa sababu mtu amekesha nayo.

Jambo hili lina msingi wa kihisabati unaofaa kujulikana na kila mkuu wa shule. Mwaka 1916 mwanahisabati wa Hungaria, Dénes König, alithibitisha kanuni ambayo kwa lugha ya shule inasema hivi: ukiwa na walimu na madarasa tu, bila sharti lingine lolote, ratiba isiyo na mgongano hupatikana daima, mradi hakuna mwalimu wala darasa lenye vipindi vingi kuliko nafasi zilizomo katika wiki. Tena hupatikana upesi. Lakini mwaka 1976 Shimon Even, Alon Itai na Adi Shamir walionyesha kwamba walimu wakishakuwa na saa ambazo hawapatikani, kazi hiyo huingia katika kundi la matatizo ambayo mpaka sasa haijulikani njia ya kuyatatua upesi kila yanapojitokeza, hata kwa kompyuta. Ugumu wa ratiba, basi, hautokani na wingi wa walimu wala wa madarasa. Unatokana na masharti, na kila sharti linaloongezwa lina gharama ambayo mtu fulani ataibeba, mara nyingi mwanafunzi.

Kwa hiyo kabla ya kuweka kipindi hata kimoja kwenye jedwali, hesabu zifanyike, na zifanyike mbele ya wakuu wa idara wote. Tuchukue shule yenye mikondo 12, siku tano za masomo na vipindi vinane kwa siku. Wiki ina nafasi 40, na shule nzima ina vipindi 480 vya kufundishwa. Kila mwalimu akibeba vipindi 28, wanahitajika walimu 18 kwa uchache, kwa sababu walimu 17 wataishia kwenye 476. Hesabu hii ya jumla inapendwa kwenye vikao, nayo inapotosha, kwa kuwa mwalimu wa historia hazibi pengo la kemia. Inayofaa ni hesabu ya somo kwa somo. Hisabati yenye vipindi sita kwa kila mkondo inadai vipindi 72. Walimu watatu watachukua mikondo minne kila mmoja, vipindi 24, na ratiba itapumua. Wakiwa wawili, kila mmoja atabeba 36 kati ya nafasi 40. Hapo zinabaki nafasi nne tu za kumsogeza huku na huku, na mpangaji atalazimika kujenga shule nzima kuwazunguka watu wawili. Tatizo hilo ni la uajiri au la mgawanyo. Kulipeleka kwa mpangaji kama tatizo la ratiba ni kumtwisha mzigo ambao hana mamlaka ya kuutua.

Baada ya walimu huja vyumba maalumu. Shule yetu ya mfano ina maabara moja. Ikiwa fizikia, kemia na biolojia kila moja inataka vipindi viwili mfululizo vya vitendo, ambavyo wengi huviita dabo, kwa kila mkondo kila wiki, zinahitajika dabo 36, yaani nafasi 72. Maabara ina 40. Hakuna ujanja wa kupanga utakaoongeza saa za maabara. Uongozi unaamua: vitendo vya kila wiki viwe vya mikondo sita ya madarasa ya juu, na madarasa ya chini yafanye majaribio mepesi darasani kwao. Sasa tuna dabo 18, nafasi 36 kati ya 40, na kikaoni watu wanapumua wakidhani limekwisha.

Halijaisha, kwa sababu ya kengele. Siku ya vipindi vinane huvunjwa na mapumziko mawili. Mapumziko ya kwanza yakija baada ya kipindi cha tatu na ya pili baada ya cha tano, siku inagawanyika vipindi vitatu, viwili, vitatu. Dabo haipaswi kuruka mapumziko, maana jaribio haliachwi juu ya moto wanafunzi wakatoka nje. Katika vipindi vitatu dabo huingia moja tu na kipindi kimoja kikabaki peke yake. Hivyo siku inabeba dabo tatu, wiki inabeba 15, na zile 18 haziingii kamwe ingawa nafasi zilionekana kutosha. Sogeza mapumziko ya kwanza yaje baada ya kipindi cha nne na ya pili baada ya cha sita. Siku sasa ni vinne, viwili, viwili. Dabo ni nne kwa siku, 20 kwa wiki. Badiliko dogo la kengele limezaa dabo tano bila kujenga ukuta wala kuajiri mtu. Sijui kwa nini kengele huachwa nje ya mazungumzo ya ratiba, wakati ndiyo inayoamua kipi kinawezekana.

Hata hapo mtunza maabara akumbukwe. Dabo 18 kati ya 20 hazimwachii muda wa kuosha vyombo na kuandaa kemikali. Dawa yake ni kuwafuatanisha wanaofanya jaribio lilelile: mikondo miwili ya ngazi moja ipewe dabo za kemia zinazofuatana, vifaa viandaliwe mara moja, viondolewe mara moja. Ratiba inayoweka fizikia, kisha kemia, kisha biolojia, kila moja kwa ngazi tofauti katika siku moja, inamhakikishia mwalimu kwamba robo ya kwanza ya kila dabo itapotea akitafuta vifaa.

Hesabu ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi, nayo inahusu maombi yanayogongana. Kanuni yake iliwekwa na Philip Hall mwaka 1935: chukua kundi lolote la vipindi, kisha hesabu nafasi zote ambazo kundi hilo linaweza kukaa; nafasi zikiwa pungufu kuliko vipindi, hakuna mpangilio utakaofaa. Tuseme idara ya hisabati inataka vipindi vyake vyote sita viwe ndani ya vipindi vitatu vya kwanza vya siku, akili zikiwa bado na nguvu. Idara ya lugha nayo inataka hivyohivyo kwa vipindi vyake sita, na fizikia kwa vinne. Kwa mkondo mmoja nafasi hizo za asubuhi ni 15. Hisabati na lugha ni 12, zinaingia. Lugha na fizikia ni 10, zinaingia. Zote tatu ni 16. Mpangaji akizipokea barua hizo kwa nyakati tofauti, kila moja itaonekana ya haki, na atagundua mgongano usiku wa tatu wa kupangua na kupanga.

Wanaoomba asubuhi wana hoja. Utafiti wa wanafunzi wa Denmark uliotolewa mwaka 2016 na Hans Henrik Sievertsen, Francesca Gino na Marco Piovesan ulionyesha kwamba alama za majaribio hushuka kadiri siku inavyosonga. Ila ulionyesha pia kwamba mapumziko ya dakika 20 hadi 30 kabla ya jaribio huziinua. Kinachochosha ni kukaa bila kupumzika, na kipindi kinachofuata mapumziko marefu kina thamani ambayo shule nyingi hazijaitumia. Ningependelea kanuni ya wazi: hakuna somo litakalopata zaidi ya theluthi mbili ya vipindi vyake katika nafasi tatu za kwanza. Kwa mfano wetu, hisabati ingepata nne, lugha nne, fizikia mbili. Jumla ni 10, na tano zinabaki kwa masomo ambayo kwa kawaida hutupwa mwisho wa siku, kisha tukashangaa kwa nini wanafunzi hawayapendi.

Hesabu zikishakubali, kupanga kwenyewe kuna mfuatano wake, na kosa la kawaida ni kuanza na masomo yenye heshima. Anayeanza na hisabati kwa kuwa ni somo muhimu atajaza jedwali kwa raha mpaka afike asilimia 95, kisha vipindi ishirini na kitu vya mwisho vigome kabisa. Vinavyogoma ni vilevile kila mara: vile vyenye masharti mengi. Kwa hiyo hivyo ndivyo vianze. Masomo ya kuchagua hutangulia, kwa sababu mikondo mitatu ya ngazi moja ikichanganywa na kugawanywa kwa walimu wanne, kipindi kimoja kinafunga mikondo mitatu, walimu wanne na vyumba vinne kwa mpigo. Wafuate walimu wa muda, wanaokuja siku chache. Kisha dabo za maabara, kisha dabo nyingine, kisha masomo yenye vipindi vingi, na mwisho kabisa yenye kipindi kimoja au viwili, ambayo hujipenyeza popote.

Kwa walimu wa muda nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo ahadi za uongozi huumiza zaidi. Mwalimu anakubaliwa kuja Jumatatu na Jumatano tu. Siku mbili zina nafasi 16. Anapewa mikondo minne, vipindi vinne kila mmoja, jumla 16, na barua inasema inatosha. Lakini kila mkondo utalazimika kupata vipindi viwili kwa siku, na kwa somo la nadharia dabo ndiyo njia pekee isiyompiga mwanafunzi somo moja mara mbili kwa nyakati tofauti. Hizo ni dabo nne kwa siku. Kwa kengele ya vitatu, viwili, vitatu, dabo ni tatu. Haiwezekani, na hata kama kengele ingeruhusu, mwalimu huyo angefundisha vipindi vinane bila kupumzika, na wanafunzi wangekaa tangu Jumatano hadi Jumatatu bila kuligusa somo. Mikataba ya aina hii isitiwe saini kabla mpangaji hajaiona. Akija siku tatu kwa vipindi 12, kila mtu anapona.

Programu za kompyuta zimeleta nafuu kubwa. FET, kwa mfano, ni ya bure na inaweza kupanga shule kubwa kwa muda mfupi ikiwa data ni sahihi. Tatizo ni jinsi tunavyoilisha. Watu huingiza kila ombi la kila mwalimu kama sharti lisilovunjika, programu ikakwama, wakahitimisha kwamba haifai. Njia yenye tija ni kuanza na yale yasiyokwepeka tu: mwalimu hawezi kuwa mahali pawili, mkondo hauwezi kuwa na masomo mawili, maabara ni moja, siku za walimu wa muda. Izalishe ratiba. Ikipatikana, ongeza sharti moja, izalishe tena, na uhifadhi kila toleo. Sharti litakalosababisha kukwama litajulikana palepale, na mwenye nalo anaweza kuitwa akaonyeshwa. Hili la kuonyeshwa lina uzito wake, maana mwalimu aliyeona kwa macho kwamba ombi lake linaangusha mikondo mitatu huwa mwepesi wa kulilegeza.

Ratiba isiyo na mgongano bado inaweza kuwa mbovu kwa anayejifunza. Somo la vipindi viwili kwa wiki likiwekwa Jumatatu na Jumanne, mwanafunzi hukaa siku sita bila kulirudia, wakati Hermann Ebbinghaus alikwisha kuonyesha mwaka 1885 kwamba kumbukumbu hudumu zaidi marudio yanapotawanywa kuliko yanaporundikwa. Jumanne na Ijumaa, au Jumatatu na Alhamisi, ni bora. Lakini visiwe Jumatatu na Ijumaa vyote viwili, kwa sababu siku hizo za pembeni ndizo huliwa zaidi na likizo, mikutano na kufunga mapema, na somo lisilo na kipindi katikati ya wiki litamaliza muhula likiwa nyuma ya mengine. Shule inayopoteza Jumatatu nyingi inaweza kutumia mzunguko wa siku sita zenye namba: Siku ya 1 hadi Siku ya 6, zikifuatana bila kujali jina la siku. Likizo ikiangukia Siku ya 3, kesho yake ndiyo Siku ya 3, hakuna somo lililopotea. Gharama yake ni kwa walimu wa muda waliozoea siku maalumu, na kwa wiki mbili za kwanza ambapo kila mtu huuliza leo ni siku ya ngapi. Mzunguko usianzishwe katikati ya mwaka.

Dakika za kuhama darasa nazo zina hesabu. Kipindi kikiisha saa ileile ambayo kingine kinaanza, kila kipindi hupoteza dakika nne hivi za kutembea na kutulia. Vipindi vinane ni dakika 32 kwa siku, 160 kwa wiki: vipindi vinne vizima vya dakika 40. Ni afadhali kengele iziandike dakika hizo waziwazi na kufupisha kipindi, kuliko kumwambia mwalimu ana dakika 40 ambazo hajawahi kuwa nazo. Na pale inapowezekana, mwalimu ndiye ahame, wanafunzi wabaki.

Katika vyuo, mgongano mkuu huhamia kwenye mitihani. Hapa D. J. A. Welsh na M. B. Powell waliacha mwongozo mwaka 1967 ambao bado unafaa hata kwa karatasi na penseli: orodhesha kozi zote, kwa kila moja hesabu ni kozi ngapi nyingine zina angalau mwanafunzi mmoja wa pamoja nayo, kisha panga ukianza na yenye migongano mingi zaidi, kila moja ukiipa nafasi ya kwanza isiyogongana. Kinachoharibu zoezi hili ni data. Wapangaji hutumia mtaala, unaosema wanafunzi wa mwaka wa pili husoma kozi fulani tano, na kumbe wapo wanaorudia kozi ya mwaka wa kwanza na waliochagua kozi ya idara nyingine. Tumia usajili halisi, uliofungwa, wenye namba ya kila mwanafunzi. Chuo kisichofunga usajili walau wiki nne kabla ya kutoa ratiba ya mitihani kitatoa ratiba tatu, na ya tatu itawafikia baadhi ya wanafunzi baada ya mtihani.

Kuna mambo mawili ambayo orodha ya migongano haionyeshi. Kozi kubwa, zenye mamia ya karatasi za kusahihishwa, ziwekwe siku za mwanzo, kwa sababu msahihishaji wa karatasi 400 anahitaji siku ambazo wa karatasi 30 hazihitaji. Na wanafunzi wanaopewa muda wa ziada wahesabiwe tangu mwanzo. Mtihani wa saa tatu unaoanza saa 3:00 asubuhi huisha saa 6:00 mchana. Kwa mwenye nyongeza ya robo ya muda huisha saa 6:45. Mtihani wa mchana ukianza saa 7:00, amebakiwa na dakika 15 za kula na kuhamia ukumbi mwingine. Ukianza saa 8:00, tatizo limeondoka bila gharama yoyote.

Muda wa mwanafunzi wa chuo nje ya ukumbi wa mihadhara ndio usiopangwa na mtu yeyote, ingawa ndio mwingi zaidi. Mfumo wa Ulaya wa ECTS, unaopima kazi ya mwanafunzi wa chuo kwa krediti, huhesabu krediti 60 kwa mwaka, kila krediti ikiwa saa 25 hadi 30 za kazi, pamoja na kusoma peke yake. Kwa muhula ni saa 750 hadi 900. Ukizigawa katika wiki 20, mitihani ikiwemo, zinakuja saa 37 na nusu hadi 45 kwa wiki, na mihadhara huchukua nusu yake au chini ya hapo. Nusu iliyobaki inakatwakatwa na ratiba yenye mapengo ya saa moja moja, ambayo hayatoshi kuanza kazi nzito. Pengo la saa tatu lina faida. Mapengo matatu ya saa moja hayana.

Halafu kuna tarehe za kukabidhi kazi. Kila mhadhiri kwa nafsi yake huona wiki ya saba na wiki ya mwisho ni nyakati mwafaka, na kozi tano hukutana hapo zote. Kumwambia mwanafunzi aanze mapema hakutoshi. Katika utafiti uliotolewa mwaka 1994, Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross waliwauliza wanafunzi waliokuwa wakimalizia tasnifu zao watamaliza lini. Kwa wastani walikadiria siku 33.9, na waliomaliza walitumia 55.5. Kosa la kukadiria ni la kibinadamu, na taasisi inaweza kulipunguza kwa kalenda moja ya kazi kwa kila programu: kabla ya wiki ya pili kila mhadhiri anaandika tarehe zake kwenye jedwali la pamoja, mratibu anahakikisha hakuna wiki yenye kazi kubwa zaidi ya mbili, na kazi yoyote inayochukua zaidi ya wiki tatu inapewa tarehe ya katikati ya kuonyesha rasimu. Anayetaka kubadili tarehe baadaye anaruhusiwa kuisogeza mbele tu, na kwenye wiki yenye nafasi.